Halmashauri yetu ina hati safi na imevuka lengo la makusanyo, lakini zahanati haina maji. Tunaipimaje hasa?

BiMwalimu (mwanzisha mada)

Habari za jioni ndugu zangu. Naomba msaada wenu kwa jambo linaloninyima usingizi tangu Ijumaa, makabrasha ya baraza yalipoletwa nyumbani.

Mimi ni diwani wa viti maalum, na hii ndiyo mara yangu ya kwanza. Kabla ya hapo nimefundisha shule ya msingi miaka 26, zaidi darasa la kwanza na la pili, kwa hiyo vitabu vya hesabu za serikali ndiyo kwanza navifungua. Halmashauri yetu iko kusini, kwenye korosho. Jina sitalitaja, maana sina nia ya kumchafua mtu. Nataka kuelewa tu.

Taarifa inasema hivi: mwaka wa fedha uliopita tulikusanya sh. bilioni 3.22 kwa lengo la bilioni 3.1, sawa na asilimia 104. Inasema pia kwamba CAG, yaani Mkaguzi Mkuu wa Hesabu za Serikali, ametupa hati inayoridhisha, ndiyo hiyo hati safi, kwa mwaka wa tatu mfululizo. Yaliposomwa hayo kwenye kamati, wajumbe walipiga makofi. Na mimi nilipiga.

Sasa, siku mbili kabla ya hapo nilikuwa zahanati ya kata yetu. Alikuja binti wa miaka kama 19 kujifungua, kapakiwa kwenye bodaboda, na nyuma yake mama mkwe anasukuma baiskeli yenye madumu mawili ya maji. Ndio utaratibu pale, ukija kujifungua unakuja na maji yako. Kwenye kona ya chumba cha kujifungulia kuna ndoo ya bluu ya lita 20, ina ufa ubavuni, umezibwa kwa sabuni ya mche. Nesi anaigeuza geuza ule ufa usielekee chini. Nje kuna simtanki jipya halijaunganishwa na kitu, na pembeni yake boma la wodi ya wazazi ambalo fedha za kulimalizia, sh. milioni 50, tuliambiwa zimeshaingia tangu Oktoba. Mpaka siku ile ndani ya boma nyasi zilikuwa zimenifika magotini.

Darasani nilikuwa na njia yangu. Mtoto akiletwa na ripoti ya alama 90 kutoka shule nyingine, nampa kitabu nasema nisomee mstari huu. Akisoma, alama ni za kweli. Asiposoma, najua ile ripoti ilipima kitu kingine.

Kwa hiyo naomba wanaojua waniambie: hati safi inapima nini? Asilimia 104 inapima nini? Na barazani niulize nini ili nipate jibu la ile ndoo, bila kuonekana natafuta ugomvi na wataalamu?

---

MzeeWaMipango

Mheshimiwa Diwani, hongera kwa kuuliza mapema. Nimestaafu 2019, nikiwa nimekaa idara ya mipango miaka 31 katika halmashauri nne tofauti. Nitakujibu kwa urefu kwa sababu umegusa pale ambapo mimi mwenyewe niliumia.

Anza na hati. Inayoridhisha maana yake vitabu vya hesabu vimeandaliwa kwa kufuata viwango na vinaonyesha picha ya kweli ya fedha. Basi. Ukijenga choo mahali pasipo na watu, ukawa na risiti zote, hati yako itakuwa nzuri. Si kosa la CAG, hiyo ndiyo kazi ya ile hati. Lakini usiishie kwenye hati. Kila halmashauri hupewa ripoti yake yenye hoja za ukaguzi, yaani kasoro zinazotakiwa kujibiwa, moja moja. Hiyo ndiyo uiombe. Tazama hoja ngapi zimefungwa na ngapi zinabebwa mwaka hadi mwaka. Hoja ya miaka minne inakueleza tabia ya ofisi kuliko hati.

Asilimia 104 nayo, swali la kwanza ni lengo aliliweka nani na kwa kutazama nini. Chukua makusanyo halisi ya mwaka wa kabla yake. Kama yalikuwa juu ya bilioni 3.1, basi mlijiwekea kamba chini mkairuka. Nimeyaona haya mara nyingi. Mkurugenzi anajua atapangwa kwenye orodha ya nchi nzima, halmashauri 184, na mwekahazina anajua pia, kwa hiyo makisio yanashushwa tangu Februari.

Na kwenye korosho kuna jambo la ziada. Mwaka wa fedha unaanza Julai, minada inaanza Oktoba. Robo ya kwanza halmashauri yako itaonekana imelala usingizi, robo ya pili itaonekana shujaa, na watumishi ni wale wale. Ushuru wa mazao ya biashara ni asilimia 3 ya bei ya shambani, kwa hiyo bei mnadani ikianguka, ushuru unaanguka nayo hata kama mtoza ushuru hakulala. Hadi 2017 ulikuwa unafika asilimia 5. Mtu akilinganisha mapato ya kabla na baada ya hapo bila kulijua hilo, atawalaumu watu bure. Ukitaka kupima juhudi, linganisha robo na robo ile ile ya miaka iliyopita, kisha toa korosho, tazama kilichobaki: leseni, masoko, vibanda, ushuru wa huduma, machinjio. Hapo ndipo mkono wa halmashauri unapoonekana.

Sasa nikueleze kwa nini nasema niliumia. Mwaka 2004/05 ilianza Ruzuku ya Maendeleo ya Serikali za Mitaa. Wapimaji walikuja kila mwaka. Kwanza vigezo vya lazima: hesabu zimefungwa kwa wakati, mkaguzi wa ndani yupo, vikao vya baraza vimekaa. Ukikosa, hupati fedha za miradi, unabaki na ruzuku ndogo ya kujenga uwezo. Ukipita, unapewa alama, na alama nzuri zinakuongezea asilimia 20 ya ruzuku, mbaya zinakupunguzia kiasi hicho hicho.

Mwaka mmoja wapimaji walikuwa wanafika Jumatatu. Jumapili usiku tulikesha tukiandika mihtasari ya vikao vya robo mbili. Vikao vilifanyika kweli, ila hakuna aliyekuwa ameviandika, kwa sababu katibu wa vikao alihamishwa na nafasi yake ilikaa wazi miezi minane. Mimi ndiye niliyeshika kalamu. Asubuhi mpimaji mmoja, mama mtu mzima, aliipanga mihtasari minne mezani akapitisha kidole kwenye sahihi. Wino wa mmoja ukamshika kidoleni. Hakusema neno. Akatoa leso, akafuta kidole, akaandika. Mwaka ule hatukupata ruzuku ya miradi. Shule mbili zilizokuwa zinasubiri paa zilisubiri tena, na watoto wa shule moja walisoma chini ya mkorosho mpaka mvua zilipokatika. Nikipita barabara ile hadi leo siangalii upande ule.

Simlaumu yule mama. Alipima sawasawa. Lakini ndipo nilipoelewa kwamba utendaji na uwezo ni vitu viwili. Utendaji ni kile mlichofanya. Uwezo ni kama mnaweza kukifanya: watu, gari, vifaa, utaratibu. Ukiipima halmashauri utendaji bila kupima uwezo, anayehitaji zaidi ndiye atakayenyimwa zaidi. Na ukiipima uwezo tu, uzembe unapata pa kujificha, kila siku utaambiwa hatuna gari.

Kwa hiyo barazani, Mheshimiwa, usiulize kwa nini boma halijaisha. Utajibiwa "liko kwenye hatua za utekelezaji" na mwenyekiti ataita ajenda inayofuata. Uliza tarehe. Fedha ziliingia akaunti ya zahanati lini. Makadirio ya gharama yalisainiwa lini. Vifaa viliagizwa lini. Saruji ya kwanza ilifika lini. Kisha uliza ikama: wahandisi wanatakiwa wangapi, wapo wangapi, na wakuu wa idara wangapi wanakaimu. Na mwisho uliza bakaa, fedha kiasi gani zilikuwa hazijatumika Juni 30, maana hizo zina hatari ya kurudi Hazina. Maswali haya hayamtukani mtu. Wewe unaomba tarehe tu, na tarehe ama ipo ama haipo.

Ibara ya 146 ya Katiba inasema madhumuni ya kuwapo Serikali za Mitaa ni kupeleka madaraka kwa wananchi. Yule mama mkwe mwenye madumu ni mwananchi, kwa hiyo swali lako liko mahali pake.

---

MfawidhiWaZahanati

Mama Diwani, shikamoo. Mimi ni mfawidhi wa zahanati, mkoa mwingine kabisa, lakini hiyo ndoo naifahamu. Yetu ilikuwa nyekundu.

Mzee hapo juu kaeleza vizuri, nakubaliana naye karibu yote, isipokuwa nina wasiwasi na hizo tarehe. Mkianza kuhesabu siku kati yake, watu watakimbiza siku. Chumba chetu cha dawa kilimwagwa sakafu Juni 28 ili fedha zisirudi. Haikumwagiliwa hata siku mbili. Desemba ilikuwa imeshapasuka kama tope la bwawa lililokauka, na mchwa wakapandia humo wakafika kwenye maboksi ya dawa. Kwenye taarifa mradi ule ulikamilika ndani ya wakati. Kwa hiyo ukihesabu siku, rudi pia baada ya miezi sita ukaone sakafu.

Sisi tulipimwa kwa nyota, sifuri hadi tano, vituo vyote vya afya ya msingi nchini. Mara ya kwanza ilikuwa 2015/16, zahanati yangu ikapata sifuri. Nililia, nakwambia ukweli. Usiku na mchana niko pale peke yangu na mhudumu mmoja, halafu naandikiwa sifuri. Lakini wapimaji hawakuondoka hivi hivi. Walikaa na mimi na kamati ya kituo kwenye benchi la nje, tukaandika mpango wa kuboresha, jambo moja moja. Nilipoutazama vizuri nikaona karibu nusu yake ni mambo yangu: dawa kupangwa kwa tarehe ya kuisha, shimo la taka, bei na huduma kubandikwa ukutani, sanduku la maoni kufunguliwa mbele ya kamati. Hayo hayakuhitaji hela. Nusu nyingine hayakuwa yangu: maji, mtumishi wa pili, nyumba ya mtumishi. Walipopima tena 2017/18 tulipata nyota mbili, zote kutokana na ile nusu yangu. Maji yalikuja baadaye, baada ya fedha za mfuko wa pamoja wa afya kuanza kuingia moja kwa moja kwenye akaunti ya zahanati na kamati yetu kuweza kuamua.

Ombi langu kwako ni hilo. Ukipima, tenganisha kilicho mkononi mwa mfawidhi, kilicho kwa mkurugenzi na kilicho Hazina. Ukichanganya, unayemkuta mlangoni ndiye atakayebeba la wote. Na yule nesi wako anayeigeuza ndoo ili ufa usielekee chini, usimtaje barazani kama mfano wa huduma mbovu. Anafanya kazi ya watu watatu.

---

MwanaMakueni

Hamjambo majirani. Naandika kutoka Makueni, Kenya. Kwetu kaunti 47 zilianza 2013, na maswali ni yaya haya.

Sheria yetu ya Usimamizi wa Fedha za Umma ya 2012 inataka angalau asilimia 30 ya bajeti ya kaunti itengewe maendeleo. Kaunti inaweza kuitenga kwenye karatasi, halafu mwaka ukaisha pesa zimeenda kwa mishahara na safari. Afadhali Msimamizi wa Bajeti hutoa ripoti kila robo mwaka, kaunti kwa kaunti, pesa zilizotengwa na zilizotumika. Mimi huzisoma hizo mbili pamoja. Ukisoma moja utadanganyika.

Lakini kilichonifunza zaidi ni kamati ya mradi. Hapa kwetu, tangu enzi za gavana wa kwanza Kivutha Kibwana, wakazi huchagua kamati ya kusimamia mradi wao, na kamati hutia sahihi kabla ya mwanakandarasi kulipwa. Nilikuwa katibu wa kamati ya kisima. Karatasi za kazi zilisema bomba la inchi mbili. Nilichukua rula ya mtoto wangu wa gredi ya tano, nikapima mdomo wa bomba mbele ya kila mtu: inchi moja na nusu. Hatukutia sahihi. Mwanakandarasi alikasirika, akapiga simu huku na huku, wiki ya tatu lori likaja na mabomba mengine.

Yule mwanakandarasi hakuwa mtu mbaya sana, nafikiri alizoea tu kwamba hakuna anayepima. Na kamati isingejua lolote kama karatasi za kazi zingebaki ofisini. Tulipewa nakala, kwa Kiswahili na Kikamba. Kwa hiyo dada, kabla ya kuuliza lolote kwa baraza, uliza kama kamati ya zahanati ina nakala ya makadirio. Kama haina, anzia hapo.

---

BiMwalimu (mwanzisha mada)

Ndugu zangu, nimerudi baada ya wiki tatu. Ahsanteni sana. Mzee, nimeyachapisha maelezo yako nikayaweka ndani ya kabrasha. Mfawidhi mwanangu, marahaba, na nesi sikumtaja.

Kwanza lengo. Nilimfuata mwekahazina kabla ya baraza, kwa heshima, nikamwomba makusanyo halisi ya mwaka juzi. Alinyamaza kidogo, akafungua kompyuta. Bilioni 3.46. Yaani tulikusanya pungufu kwa milioni 240 halafu tukapiga makofi. Akaniambia mwenyewe kwamba bei ya korosho ilishuka, na nikitoa korosho vyanzo vingine vyote vimepanda kidogo. Nilimwamini, kwa sababu alinionyesha mstari kwa mstari. Kwa hiyo ukweli uko katikati: hawakuzembea, ila ile asilimia 104 haikutuambia lolote kati ya hayo mawili.

Halafu tarehe. Nilikwenda zahanati na daftari la mistari, nikakaa na mwenyekiti wa kamati ya kituo, mzee mmoja fundi cherehani anayetunza kila karatasi ndani ya mfuko wa rambo. Fedha ziliingia Oktoba 14. Makadirio ya gharama yalisainiwa Desemba 24. Saruji ya kwanza, mifuko 40, ilishushwa Februari 9. Siku 118. Kati ya hizo, 71 zilikuwa za kumsubiri mhandisi aje kupima boma.

Barazani nikauliza ikama. Wahandisi wa majengo wanatakiwa wanne. Yupo mmoja, na miezi ile alikuwa na maboma kumi na moja na madarasa sita, gari la idara likiwa limeegeshwa gereji. Nilimtazama alipokuwa anajibu. Kijana mdogo, mikono imejaa vumbi la saruji, alikuja kikaoni moja kwa moja kutoka eneo la kazi. Nilikuwa nimejiandaa kumbana. Sikumbana. Nilisimama nikaomba baraza liandike kwenye muhtasari kwamba tunaomba kibali cha ajira ya wahandisi, na wakati tunasubiri, tuombe wa kuazima kutoka halmashauri jirani. Diwani mmoja alisema hayo si mambo ya viti maalum. Mwenyekiti akasema yaandikwe. Yameandikwa, nimeuona muhtasari, na wino ulikuwa mkavu.

Kamati haikuwa na nakala ya makadirio. Sasa wanayo, kurasa sita, ipo ndani ya ule mfuko wa rambo. Kwenye ukurasa wa nne kuna mstari wa kuunganisha simtanki na bomba hadi chumba cha kujifungulia, sh. 1,850,000. Mwenyekiti wa kamati ameupigia mstari kwa chaki ya cherehani.

Bado kuta hazijapigwa lipu na ndoo ya bluu ipo pale pale; juzi nilipeleka mbili mpya kwa fedha yangu, najua si jibu. Kuna maboma mengine kumi ya fedha zile zile za Oktoba. Nimewaomba watendaji wa kata waniletee tarehe zake nne nne. Mpaka leo jioni za maboma saba zimeshafika. Nikipata zote nitaziweka hapa, Mzee unisaidie kuzisoma.